Katiba ni ya Nani? Kazi ya Profesa Yash Ghai

Kila kikundi cha kujisaidia kina katiba yake. Mara nyingi ni karatasi tatu nne tu, zimepigwa chapa mjini, zikagongwa muhuri katika ofisi ya huduma za jamii, halafu mwandishi wa kikundi akazitia kwenye faili. Ndani imeandikwa mwenyekiti atakaa miaka mingapi, pesa za benki zitatolewa kwa sahihi za nani, na mwanachama asiyelipa mchango atafanywa nini. Wengi hawaisomi tena mpaka siku ya ugomvi. Siku hiyo ndiyo utasikia: hebu leteni ile katiba tuone inasemaje.

Nchi nayo ni vivyo hivyo. Na kuna watu ambao kazi yao ya maisha ni kuzisoma hizo karatasi za nchi, kuzilinganisha, kuzifundisha, na wakiitwa, kusaidia kuziandika. Hao ni wataalamu wa sheria ya katiba na sheria ya utawala. Makala hii ni juu ya mmoja wao, Profesa Yash Pal Ghai, Mkenya wa asili ya Kihindi aliyezaliwa hapa Kenya mwaka wa 1938. Watu wengi wanamjua kwa sababu ya Bomas. Lakini tume ile aliiongoza miaka minne hivi tu, katika kazi iliyopita nusu karne. Mtu asiyejua yaliyotangulia atashangaa kwa nini profesa huyu aliposimamishwa mbele ya kiapo alisema, ngojeni kwanza.

Sheria mbili, si moja

Kabla ya kumfuata profesa, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya.

Sheria ya katiba inasema nani ana mamlaka, ameyapata wapi, na yanaishia wapi. Sheria ya utawala inaangalia yule mwenye mamlaka anavyoyatumia kila siku: ofisa wa ardhi, karani wa leseni, chifu, mkurugenzi wa kaunti, bodi ya maji. Chukua mfano wa kikundi. Katiba yenu inasema kamati inaweza kumtoa mwanachama asiyelipa kwa miezi mitatu. Sawa. Sasa mama mmoja ametolewa. Je, aliitwa akasikizwa, au alisikia habari zake sokoni? Uamuzi ulifanywa na kamati, au mwenyekiti aliuandika peke yake usiku? Na huyo mwenyekiti, si ndiye wanayegombania mpaka wa shamba na mama huyo huyo? Katiba haikuvunjwa pengine hata neno moja, na bado mama ameonewa.

Sheria ya utawala imesimama juu ya mambo kama hayo. Ofisa hana uwezo wowote isipokuwa ule aliopewa na sheria. Hawezi kumhukumu mtu bila kumsikiza. Hawezi kuwa mwamuzi wa kesi yake mwenyewe. Akivuka, Mahakama Kuu yaweza kuufuta uamuzi wake, kumzuia asiendelee, au kumlazimisha afanye kazi aliyoikataa. Jaji haulizi kama yeye angeamua hivyo. Anauliza kama ofisa alikuwa na ruhusa ya kuamua, na kama alipitia njia iliyo sawa. Ni tofauti ndogo lakini inafaa kushikwa, maana watu wengi hupoteza nauli na ada ya wakili wakidhani mahakama itawapa leseni. Kwa kawaida mahakama humrudishia ofisa jambo lake, ikamwambia: anza upya, na safari hii fanya kwa haki.

Dar es Salaam, na kitabu cha 1970

Ghai alisoma sheria Oxford na Harvard, akakubaliwa kuwa wakili Uingereza mwaka wa 1962. Angeweza kubaki huko. Alikuja Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilikuwa kimefunguliwa mwaka wa 1961, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliotaka kusoma sheria karibu na nyumbani walikwenda huko. Alifundisha mpaka 1971, akawa profesa na mkuu wa kitivo. Kati ya waliosoma hapo miaka hiyo ni Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa mkubwa wa Tanzania, na Willy Mutunga, ambaye mwaka wa 2011 aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

Mwaka wa 1970 Ghai pamoja na Mwingereza aliyekuwa akifundisha naye Dar, Patrick McAuslan, walitoa kitabu kinene juu ya sheria za utawala na mabadiliko ya siasa nchini Kenya. Hakuna wakili wa umri mkubwa hapa kwetu ambaye hakukipitia. Kina mambo mengi, lakini la maana kwetu ni hili. Hawa wawili hawakuanza na katiba ya uhuru. Walianza na ukoloni, wakauliza serikali ilimfikiaje mtu wa kijijini.

Jibu ni ngazi. Gavana juu, chini yake PC, chini yake DC, halafu DO, halafu chifu. Ngazi hiyo haikujengwa ili mwananchi apande nayo kupeleka maoni. Ilijengwa amri zishuke. Sheria za mamlaka ya machifu zilimpa chifu uwezo wa kuamuru watu watoke kwenda kazi ya barabara, kuzuia pombe, kuzuia watu wasihame, na mengine mengi. Mkutano ulihitaji kibali. Kuchangisha pesa kulihitaji kibali.

Mwaka wa 1963 tukapata uhuru na katiba mpya iliyojadiliwa London, yenye majimbo, mabunge mawili na haki za raia. Katiba ile iliwekwa juu ya zile sheria za zamani kama paa jipya la mabati juu ya ukuta wa udongo uliokwisha pasuka. Ngazi ilibaki palepale. DC aliondoka mzungu akaja mwafrika, lakini kiti ni kile kile na kitabu cha sheria ni kile kile. Vitu viwili visivyopatana vikikaa pamoja, kimoja lazima kikubali kushindwa, na kilichoshindwa ni katiba. Mwaka wa 1964 majimbo yalianza kuvunjwa. Mwaka wa 1966 uwezo wa serikali wa kumweka mtu kizuizini ukaongezwa, na bunge la pili likafutwa. Kufikia 1969 katiba ilikuwa imebadilishwa mara nyingi hata ikabidi ichapishwe upya.

Wasomaji wenye umri hawahitaji kuelezwa yaliyofuata. Mwaka wa 1982 nchi ikafanywa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka wa 1988 majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao, ikarudishwa 1990. Vyama vingi vikarudi 1991. Lakini angalia hili: sheria ya mamlaka ya machifu na ile ya vibali vya mikutano hazikupunguzwa makali mpaka 1997. Yaani kwa miaka sita tulikuwa na vyama vingi, na bado mtu wa chama alipaswa kwenda kuomba ruhusa ya kuhutubia. Ndiyo maana ya kusoma sheria ya katiba na ya utawala pamoja. Ukibadilisha moja ukaiacha nyingine, umebadilisha jina.

Padri na vikundi vya majadiliano

Miaka hiyo migumu Ghai alikuwa nje. Alifundisha Uppsala kule Uswidi, kisha Warwick, Uingereza, na kuanzia 1989 Chuo Kikuu cha Hong Kong. Hong Kong ilikuwa shule ya aina yake, kwa maana ilitoka mikononi mwa Waingereza ikarudishwa China tarehe 1 Julai 1997, na watu walitaka kujua sehemu ndogo itawezaje kujitawala ndani ya nchi kubwa. Aliandika kitabu juu ya hayo pia.

Lakini safari iliyomfunza zaidi, kwa maoni yetu, ilikuwa ya Papua New Guinea. Ni nchi iliyo kaskazini ya Australia, yenye milima, visiwa, na lugha zaidi ya mia nane. Waaustralia walikuwa wakijiandaa kuondoka. Mwaka wa 1972 kukaundwa kamati ya kupanga katiba. Mwenyekiti wake kwa jina alikuwa kiongozi wa serikali, Michael Somare, lakini aliyeiongoza kwa vitendo alikuwa naibu wake, padri Mkatoliki aitwaye John Momis. Ghai aliitwa kuwa mshauri.

Kamati ile haikukaa mjini. Ilizunguka nchi ikifanya mikutano. Na kabla ya kufika, iliwaomba watu waunde vikundi vidogo vya majadiliano. Kila kikundi kilipewa karatasi za kueleza jambo kwa lugha nyepesi pamoja na maswali, wakae, wajadili, warudishe majibu. Msomaji wa jarida hili atatambua mara moja: ni kazi ya kikundi kama tunavyoijua. Na katiba ilipokuwa tayari, haikupelekwa kwa bunge la Australia kupitishwa. Ilipitishwa na wajumbe wao wenyewe, ndipo uhuru ukaja tarehe 16 Septemba 1975. Baadaye Ghai alifanya kazi kama hiyo Vanuatu, visiwa vilivyopata uhuru mwaka wa 1980.

Kiapo kilichongojwa

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1999 mazungumzo ya kurekebisha katiba ya Kenya yalikwama. Wabunge wa chama tawala na wenzao walisema kazi ni ya Bunge. Makanisa, Waislamu, Wahindu na mashirika ya raia walisema katiba ni ya watu, wakakutana Ufungamano House pale Nairobi, wakaunda tume yao wenyewe iliyoongozwa na Dkt. Oki Ooko Ombaka. Bunge nalo likaunda ya kwake. Tume mbili, nchi moja. Mwezi wa Novemba 2000 Ghai akateuliwa kuongoza ile ya Bunge.

Mtu mwingine angekula kiapo jioni hiyo hiyo. Yeye alikataa kuapishwa kwanza mpaka apewe nafasi ya kuwapatanisha. Alisema tume ya upande mmoja haitaandika katiba ya pande zote. Ikawa miezi ya kwenda huku na huku, na si wote waliofurahi. Serikalini walimwona mkaidi, na ndani ya Ufungamano kulikuwa na waliomshuku kwamba ametumwa kuwameza. Mwaka wa 2001 sheria ikabadilishwa na watu wa Ufungamano wakaingia katika tume moja.

Halafu akafanya kile alichokiona kwa padri Momis. Tume ilikwenda katika kila eneo la uwakilishi bungeni, yote 210. Walikaa shuleni, makanisani, chini ya miti. Walipokea maoni zaidi ya 35,000, mengine yameandikwa na mawakili kwa mashine, mengine yamesemwa na mtu aliyesimama tu akaeleza. Na watu walisema nini? Hawakuanza na vyeo vya Nairobi. Walitaka maisha ya heshima: chakula, maji, nguo, makao, usalama, elimu ya msingi. Walitaka ardhi igawanywe kwa haki. Walitaka mambo yanayowagusa yaamuliwe karibu nao, na viongozi wenye tabia ya kuaminika. Rasimu ya kwanza ilitoka Septemba 2002.

Mkutano wa taifa ulikuwa uanze Oktoba mwaka huo. Siku chache kabla, Rais Moi alivunja Bunge kwa ajili ya uchaguzi, na kwa kuwa wabunge wote walikuwa wajumbe, mkutano ukafa kabla ya kuzaliwa. Wengi walidhani serikali mpya ya 2003 itaumaliza upesi. Wapi! Kumbe kiti kikubwa kikikaliwa, hata aliyekuwa akikilaumu huanza kuona si kibaya sana.

Bomas ilianza tarehe 28 Aprili 2003, wajumbe 629, wakiwemo watatu wa kila wilaya. Ilikuwa na kelele, ilikuwa na posho zilizolalamikiwa, na iliendelea kwa vipindi mpaka mwaka uliofuata. Haifai kuipamba. Lakini haifai pia kusahau kwamba mwanamke wa Turkana na mchungaji wa Kitui walikaa meza moja na waziri wakamjibu. Tarehe 14 Septemba 2003 Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, mwenyekiti wa kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Hapo watu walielewa kwamba swali la mamlaka kushuka chini si la darasani.

Tarehe 15 Machi 2004 wajumbe walipitisha rasimu, watu wa serikali wakiwa wametoka nje kwa hasira juu ya uwezo wa rais na waziri mkuu. Siku kumi baadaye, katika kesi iliyopelekwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu ilisema katiba mpya haiwezi kupita bila kura ya maamuzi ya wananchi wote. Ni kesi ya kustaajabisha. Ilisimamisha rasimu ya Bomas, na papo hapo ikaweka msingi mkubwa kuliko rasimu yoyote: kwamba mwenye uwezo wa kuunda katiba ni watu wenyewe, si Bunge wala mkutano. Ghai alikuwa ameshindwa kesi, na hoja yake ilikuwa imeshinda. Mwaka huo huo wa 2004 akajiuzulu.

Yaliyofuata ni ya haraka. Serikali ilibadilisha rasimu, ikaipeleka kwa wananchi tarehe 21 Novemba 2005, ndizi na chungwa. Asilimia 58 wakasema la. Baada ya damu ya mwanzo wa 2008, kamati mpya ya wataalamu chini ya Nzamba Kitonga iliamriwa na sheria izichukue rasimu zilizokuwepo, itenganishe yaliyokubaliwa na yaliyogombaniwa. Kwa hiyo maoni ya mwaka wa 2002 hayakutupwa. Ugatuzi, tume ya ardhi, sura ndefu ya haki, yote yana mizizi huko. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya mwisho kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu cha uhai, na walisema hivyo waziwazi. Wananchi waliipitisha tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia 67 hivi, na tarehe 27 Agosti ikawa sheria.

Walipochoma karatasi

Ghai hakungoja nyumbani. Kuanzia 2005 alikuwa mjumbe wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za binadamu Kambodia. Aliandika alichoona: mahakama zilizofungwa kamba na serikali, na watu kufukuzwa kwenye ardhi yao. Waziri mkuu Hun Sen alikataa kuonana naye akamtukana hadharani. Mwaka wa 2008 aliacha kazi hiyo. Pia alisaidia Nepal ilipokuwa ikitoka vitani kuelekea katiba mpya.

Kisa cha Fiji ndicho cha kukumbukwa. Visiwa vile vilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Frank Bainimarama, nayo mwaka wa 2012 ikamwita Ghai aongoze tume ya katiba. Mmoja wa makamishna wenzake alikuwa Christina Murray wa Afrika Kusini, aliyekuwa katika kamati ya wataalamu ya Kenya. Njia ikawa ile ile: kuzunguka, kusikiliza. Maoni yaliyopokewa yalipita 7,000, na nchi ile haina hata watu milioni moja. Rasimu ilipokuwa tayari, mwezi wa Desemba 2012, Ghai akapeleka ikachapishwe nakala za kuwagawia wananchi. Polisi wakaja kwa mpiga chapa, wakachukua nakala 600 hivi, na karatasi za kusahihishia wakazimwagia mafuta wakazichoma moto, yeye akiwa amesimama pale anaangalia. Mwaka uliofuata serikali ikatoa katiba yake yenyewe.

Hesabu basi. Kenya rasimu yake ilikwama, Kambodia alitukanwa, Fiji ilichomwa. Kuna wanaosema huyu ni mtaalamu wa kushindwa. Sisi tunaona vingine. Serikali haimwagii mafuta karatasi isiyo na maana. Iliyoogopwa si maneno ya rasimu peke yake, maana maneno kama hayo yako katika vitabu vingi. Iliyoogopwa ni nakala 600 zikiingia mikononi mwa watu waliotoa maoni, wakianza kuulizana: langu limeandikwa wapi?

Kifungu cha 47 na dirisha la ofisi

Katiba ya 2010 ina jambo ambalo lile kitabu la 1970 lingelitamani. Kifungu cha 47 kimechukua sheria ya utawala, iliyokuwa ikiishi katika hukumu za majaji na vinywa vya mawakili, kikaiweka ndani ya katiba kuwa haki ya kila mtu. Kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi ya utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kisheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Na kama uamuzi utamwumiza, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya kukifuata mwaka wa 2015. Siku hizi hatuna DC; kuna kamishna wa kaunti, naibu wake, msaidizi wake, na chifu yuko pale pale. Ngazi imebadilishwa rangi lakini bado inasimama. Tofauti ni kwamba sasa mwananchi ana kitu cha kushika anapoisogelea.

Ghai alihakikisha kinatumika. Mwaka wa 2011 yeye, mke wake Jill Cottrell Ghai, ambaye ni mwalimu wa sheria pia, na wakili Waikwa Wanyoike walianzisha Katiba Institute, Nairobi. Mwaka wa 2017 shirika hilo liliandika barua serikalini kuuliza matangazo ya kusifu kazi za serikali katika mwaka wa uchaguzi yalikuwa mangapi na yaligharimu pesa ngapi za umma. Hakuna aliyejibu. Wakaenda Mahakama Kuu, na jaji akaamuru habari zitolewe.

Kesi nyingine ilikuwa na jina la Ghai mwenyewe, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Serikali ilikuwa imetangaza Novemba 2020 kwamba kadi za Huduma zimeanza kutolewa. Sheria ya kulinda habari za watu ya 2019 inataka kwanza ichunguzwe ni hatari gani inaweza kumpata mtu habari zake zikikusanywa pamoja. Uchunguzi haukufanywa. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliufuta uamuzi wa kutoa kadi na kuamuru uchunguzi ufanywe kwanza. Angalia mahakama haikusema kadi ni mbaya. Ilisema njia haikupitiwa. Ni kama yule mama wa kikundi aliyetolewa bila kusikizwa.

Kikundi hakihitaji profesa kuanza. Tuseme mmeambiwa pesa za kisima zilitolewa na kaunti mwaka jana na kisima hamkioni. Au ofisi imekataa kusajili kikundi chenu chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, na karani anasema tu rudini wiki ijayo. Kwa jambo la kwanza, Kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016 zinamruhusu raia kuomba habari. Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika ofisa anapaswa kumsaidia. Hamlazimiki kueleza mnaitakia nini, na ombi lenyewe halilipiwi, isipokuwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kwa jambo la pili, andikeni mkiomba sababu za kukataliwa kwa maandishi, mkitaja Kifungu cha 47.

Andikeni tarehe. Wekeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri ofisa atasema hakuona barua yoyote. Mkinyimwa habari au mkinyamaziwa, pelekeni lalamiko kwa tume ya haki katika utawala, ambayo watu huiita ofisi ya Ombudsman, katika muda wa siku 30. Hapo hamlipi wakili. Mwandishi wa kikundi aitie nakala ile kwenye faili, pamoja na ile katiba yenu ya karatasi tatu nne.